Siku Banaume Balitoka mu Salle ya Paroisse

Mu quartier yetu mpaka leo banasema eti bazazi balikatala sindano. Ni uongo. Miye nilikuwa mule mu salle ya kanisa, nilikaa mpaka ku mwisho, na ninasema hakuna muzazi hata mumoja mwenye alikatala. Bazazi balitoka. Kutoka na kukatala ni mambo mbili, na mwenye hajui ile tofauti asijiite mukubwa ya masomo.

Miye sikusoma sana. Masomo yangu iliisha mwaka ya tatu ya primaire. Lakini kila mulango ya chuma yenye munaona mu avenue yetu hapa commune ya Kenya, mu Lubumbashi, ni hii mikono ilifanya. Atelier, ile karakana, ni yangu, poste ya kusude, mashine ya kuunganisha vyuma, ni yangu, na hakuna muntu anaweza kusimama aseme alinisaidia. Kwa hiyo sitabembeleza muntu mu hii kuandika.

Ninakaa na mujukuu wangu, mutoto mwanamuke wa binti yangu. Mama yake anafanya biashara ya bunga ku mupaka, Mokambo, anaweza kumaliza juma nzima kule. Mutoto alikuya kukaa kwangu wakati muke wangu alianza kugonjwa, juu nyumba ilikosa muntu wa kupika. Kisha bibi yake akakufa, na mutoto akabakia.

Muke wangu alikufa na kansa ya mulango ya kizazi. Ninaandika ile maneno yote, juu bantu banapenda kusema eti alikufa na tumbo. Haikuwa tumbo. Damu ilikuwa inatoka wakati myaka yake ya damu ilikuwa imeisha zamani, na dada zake balimuambia ni buzee, itapita. Akaficha. Siku tulifika ku hopitali, munganga aliangalia, akaniita inje, akasema maneno kidogo tu, akaniangalia viatu. Kisha ilikuwa kulala, na harufu, na bitambaa. Mwenye alikuwa anafua bile bitambaa ni huyu mutoto. Alikuwa mudogo. Alikuwa anavaa sachet za plastiki ku mikono, anazifunga na kamba, anafua ku robinet ya maji asubui mbele ya bajirani kuamuka. Hakuna mwenye alimutuma.

Sasa munajua juu ya nini sikuweza kunyamaza.

Infirmière, ni kusema muuguzi wa masomo yake, ile shule, nilimujua juu ya madirisha. Bamwizi balikuwa banaingia kuiba dawa ya kichwa, na masomo balinipa kazi ya kuweka vyuma ku dirisha ya infirmerie. Ile infirmerie ni kachumba pembeni ya choo. Kitanda moja, kabati moja, ndoo ya maji yenye mufuniko. Infirmière yeye ni mwanamuke mufupi, wa sauti kubwa, na blouse yake nyeupe ya kazi, mufuko moja ilipasuka, hajashona. Kama unapita pale unasikia anagombeza mutoto juu ya kucha, ao anauliza mwengine kama alikula asubui.

Ile siku nilikuwa juu ya kiti ninapima dirisha, yeye alikuwa inje kidogo, chini ya kivuli ya ukuta, na darasa nzima ya batoto banamuke imemuzunguka. Hakuwa anasoma karatasi. Alikuwa anauliza beye.

"Nani alitoboa masikio hapa?"

Mikono yote juu.

"Iliuma?"

"Iliuma, Madame!"

"Na mulikubali, juu ya boucles, ile hereni za plastiki. Basi hii sindano inauma kupita ile? Hapana. Inauma kidogo ku mukono, inaisha. Ile inaweza kuwachunga maisha yote."

Mutoto mwanaume mumoja wa darasa ingine akatoa kichwa ku dirisha. "Madame, na shiye?"

"Weye njo utabebea muke wako ile kirusi bila kujua, unapiga na muluzi. Nyamaza, sikiliza, ujifunze."

Bakacheka, na huyu akarudisha kichwa.

Kisha batoto baliingia mu darasa, na akanigeukia. "Muzee, uko na mutoto hapa?"

"Niko na mujukuu."

"Myaka ngapi?"

"Kumi na ine. Mbele ya Noël anaingia kumi na tano."

Akaweka chini sahani ya dawa yenye alikuwa anashika. "Basi kwa huyu ni mara hii ao hapana. Équipe ya vaccin, bantu ba kuchanja, inapita mu commune yetu juma ijayo, na banachukua mpaka kumi na ine. Akipita pale, habamuchukui tena."

Akanielezea. Kirusi inapita mu kulala kwa bwana na bibi. Mwanaume anaibeba, haoni kitu. Mu mwili ya mwanamuke inaweza kukaa myaka na myaka, kwa bengi inatoka yenyewe, kwa bengine inageuka kansa ya mulango ya kizazi. Sindano inapashwa kuingia mbele, wakati mutoto bado mutoto. Mwenye alishagonjwa, haimuponyeshe.

Nikashuka ku kiti. Nikamuuliza kama muke wangu angepata ile sindano mu butoto yake.

"Wakati yake haikuwako, Muzee," akasema. "Leo iko."

Leo iko. Nilirudi ku nyumba na ile maneno mbili. Mangaribi nikamuambia mutoto. Kwetu babu na mujukuu banachezeana. Miye ninamuita muke wangu, yeye ananiita bwana. Maneno baba yake hawezi kumuambia, miye ninaweza.

"Muke wangu, banataka kukuchoma sindano, usikuye kuniachia bitambaa ya kufua."

Alikuwa anageuza bukari, ile ugali ya mangaribi. Hakucheka. Akasema: "Bwana, miye nilishamuambia Madame aniandike wa kwanza."

Sasa niseme juu ya buko, juu mwenye haiko muntu wa kwetu hawezi kuelewa ile dimanche, ile jumapili bantu balitoka mu salle. Mwenye alioa binti yako ni buko yako, na weye ni buko yake. Hamukule pamoja ku sahani moja. Hamuangaliane sana mu macho. Na maneno ya mwili, ya kulala, ya kizazi, haiwezi kutoka wakati muko mu nyumba moja. Ikitoka, hata kama ni muntu mwengine anasema, mumoja wenu anaondoka. Haiko hasira. Ni heshima. Unaondoka pole pole, kichwa chini, huage muntu. Na mama wa bibi yako, ni kusema wa muke wako, ile ni mubaya kupita, pale hata kikohozi unafikiri mbele ya kuitoa.

Infirmière anajua ile mambo. Ni mutoto wa hapa. Alimuomba préfet afanye réunion mbili, mikutano mbili, banamuke siku yao, banaume siku yao, na hata kwa banaume aangalie nani na nani. Préfet, ni kusema mukubwa ya masomo, akamujibu mbele ya ba-enseignants, bale balimu yake: "Madame, tuko mu ville, muji mukubwa, hatuko mu kijiji." Akataka réunion moja, dimanche kisha misa, na micro ya kupaza sauti, na mupiga picha. Picha ya salle yenye kujaa, atume kwa bakubwa yake.

Basi balijaa. Ile salle ya paroisse haikubakia kiti. Bazee benye balimaliza myaka yao mu mine ya shaba na ku chemin de fer, ile reli, bana bao, bakwe bao, bamama na bitenge ya misa. Ku mustari yangu, biti tatu mbali, nikaona buko yangu, baba ya mujukuu wangu. Hatukusalimiana na mukono. Aliinamisha kichwa, nami nikainamisha. Mbele yetu kulikuwa jirani yangu mwenye anatengeneza pneu, matairi ya magari, ku kona. Nyuma yake kabisa, magoti karibu inagusa mugongo yake, mama wa bibi yake.

Nikaona ile, nikajua. Kama hata miye na mwaka tatu ya primaire ninaona, préfet na diplôme yake hakuona?

Infirmière akapewa micro. Alianza na mbali, maskini. Alianza na surua, na polio, na mama benye balichanja batoto bao tangu zamani. Bantu balikuwa banasikiliza muzuri, bamama banaitikia na kichwa. Lakini kuna mahali hawezi kuzunguka. Alisema "mulango ya kizazi", kisha akasema namna kirusi inapita.

Fundi ya pneu njo wa kwanza. Aliamuka kama muntu anachomwa na moto, akapita mu katikati ya biti, kichwa chini. Kisha buko yangu. Alitoka juu yangu, anipe heshima, na miye nikabakia juu yeye alitoka, njo namna inaendaka. Kisha babili huku, batatu kule. Mama muzee mumoja akavuta kitenge mu uso na kutoka na mulango ya sakristia. Hakuna mwenye aliguna. Hakuna mwenye alitukana. Ulikuwa unasikia tu biti ku simenti, krr, krr, na sauti ya infirmière mu micro, haiachi, haipunguki. Aliongea mpaka mwisho. Alikuwa anaongea na bajane, na bagonjwa ya miguu, na bantu kama miye benye buko yao ilishatoka.

Mama mumoja pale mbele alinyoosha mukono kuuliza kama ni kweli inafunga kizazi. Infirmière alifungua kinywa kujibu, na préfet akamutosha micro mu mukono.

"Merci, Madame. Tumeona sisi wote," akasema, na Kiswahili yake ya radio. "Wazazi hawataki. Masomo itaheshimu."

Kwa hiyo ile mama alirudi kwake na ulizo yake bila jibu, na kesho yake soko nzima ilikuwa na jibu.

Lundi, kesho yake, nilifunga atelier asubui, nikaenda kumuona préfet. Nilivaa kofia yangu ya kazi, sikubadilisha nguo.

"Muzee, kaa."

"Sikukuya kukaa."

"Basi simama. Kuna nini?"

"Équipe inafika siku gani hapa?"

"Haifike. Bazazi balikatala, na nilishajulisha ba-responsables ya afya. Imeisha."

"Nani alikatala? Niambie mumoja."

"Muzee, biti ilibakia butupu. Uliona na macho yako."

"Balitoka juu ya buko! Ulibakalisha baba na mukwe wake, ulibakalisha bwana na mama wa bibi yake, kisha ukatuma mwanamuke aseme maneno ya kulala na micro. Ulifikiri bantu batapiga makofi?"

Akatabasamu. Ile kutabasamu ilinichoma kupita maneno. "Buko, mu hii siku? Hapa Lubumbashi?"

"Baba-buko wako angekuwa mule mu salle, ungebakia?"

"Baba-buko wangu iko Likasi, hakukuya."

"Njo maana ulibakia!"

Kisekretere chake kule mu mulango kikacheka, kikajificha nyuma ya kabati. Préfet akaacha kutabasamu. Akaanza kusema infirmière njo mwenye makosa, alitukana mu nyumba ya kanisa, mbele ya bazee, atamuandikia barua ya makosa.

"Matusi gani?"

"Unaijua, Muzee."

"Sijui. Sema."

Akashika kalamu, akaanza kupanga karatasi.

"Ona," nikamuambia. "Hapa hatuko buko, na hauwezi. Yeye aliweza, mbele ya bantu bote, juu ya batoto ya bengine. Weye na suti yako neno moja inakushinda."

Akaniambia nitoke. Nikatoka, lakini sikuinamisha kichwa.

Siku mbili kisha, nilimukuta infirmière mu kachumba yake, anapima mutoto homa. Hakuwa analia. Uso yake ilikuwa ngumu kama tôle ya chuma. Balimukataza kuingia mu darasa na ile habari.

"Darasa, sawa," akasema. "Kitanda habakunikataza."

Kweli, inje kulikuwa mustari ya batoto banamuke, bote banashika tumbo. Ile masomo haijaonaka bagonjwa ya tumbo namna ile. Mumoja anaingia, anakaa ku kitanda, infirmière anafunga mulango nusu, anamuambia: équipe iko ku centre de santé, ile kituo ya afya ya commune, mpaka vendredi, siku ya ijumaa, mukubwa wa familia akulete, haiombe ruhusa ya masomo. Mutoto anatoka anacheka, mwengine anaingia anaumwa tumbo.

"Lakini banarudi kesho yake," akaniambia, "banasema ku nyumba bazazi banajibu: préfet alisema imeisha. Bantu banamuamini, Muzee. Ni mukubwa."

"Miye nitamuleta wangu kesho."

Akatikisa kichwa. "Weye ni baba ya mama. Baba yake akikuya kisha kusema tulimuibia mutoto, ni miye batashika, na vaccin yote itafungwa. Leta neno ya upande wa baba."

Alikuwa na haki, na ile ilinizidishia hasira. Kwetu mutoto ni wa baba. Binti yangu, nilimupigia simu Mokambo, alisema anakubali na mikono mbili, lakini yeye pia alisema: pita kwa baba yake. Na miye nitapita namna gani? Nimusimamie buko yangu mu njia, nimuambie kizazi ya binti yake? Afazali nimupige.

Ilibakia shangazi. Dada mukubwa wa buko yangu anauzisha samaki ya kukauka mu soko ya Kenya, ile ya Kilwa ya huku kwetu, ya ziwa, na mu ile familia hakuna neno inapita bila yeye. Na yeye ni buko kwangu, lakini ya pembeni. Tunaweza kusalimiana. Maneno kama ile, uso kwa uso, hapana. Nikatembea mu soko yote nikiwaza, kisha nikafika ku meza yake, nikainama, nikashika samaki mumoja mukubwa, nikaangalia ile samaki mu macho.

"Weye samaki," nikasema, "mama mwenye nyumba yako anajua kama mutoto wa kaka yake anangojewa ku centre mpaka vendredi?"

Shangazi akaelewa palepale. Akachukua samaki mwengine. "Weye samaki, mujibu huyu papa, huyu muzee: tunajua. Tunajua pia inafunga kizazi. Anataka nyumba ya kaka yangu ibakie bila bajukuu?"

Bauzishaji ya pembeni bakaanza: "Eh, leo samaki inajua Kiswahili!"

"Ya Kilwa? Ile inasema Kibemba!"

"Papa, uliza yangu bei, yangu haina kiburi!"

"Samaki," nikasema, "nani alimuambia mama yako ile uongo?"

"Samaki, mwambie: bantu."

"Bantu gani?"

"Bantu ba ku maombi. Na préfet alisema bazazi balikatala. Préfet alisoma kupita yeye."

Hasira ikanipanda. Nikarudisha samaki ku meza, lakini macho sikuitosha ku ile samaki. "Samaki, mama yako alikuyaka kuangalia muke wangu mu kitanda. Alikaa kidogo, akatoka inje, akatapika ku pembeni ya mulango wangu. Mujukuu wangu njo alimwanga maji pale. Umuulize kama anakumbuka."

Shangazi alibakia na samaki mu mukono. Kisha akamuweka chini.

"Papa, acha samaki," akasema. "Ile ugonjwa njo hii?"

"Njo hii."

"Nani anasema?"

"Infirmière ya masomo."

"Yule wa matusi?"

"Yule."

Akafunika meza yake na bâche, akamuambia jirani achunge, akafunga kitenge mara ya pili. "Ninaenda kumuona. Akinidanganya, nitapindula kabati yake na dawa yote."

Nilimufuata nyuma kidogo. Miye nikabakia inje, lakini shangazi haiko muntu wa kuongea pole, na dirisha ile haina kioo.

"Ni kweli inafunga kizazi?"

"Mama, kansa njo inafunga. Bakikata kizazi ya muntu juu ya kansa, mutoto atatokea wapi? Binti yangu alichomwa lundi, mbele ya bote. Ninamuchukia binti yangu?"

"Na hii haiko kumufungulia mutoto njia ya banaume?"

"Ulimuchanja surua?"

"Nilimuchanja, sababu mama yake alikuwa safari."

"Alianza kutafuta surua?"

Kisha nikasikia shangazi anacheka, ile kucheka ya soko, ya tumbo nzima. Alipotoka alinipita kama hanioni, njo heshima, akasema na ukuta: "Vendredi asubui. Kaka yangu, miye nitamuambia. Weye ubakie mbali."

Alirudi ku meza yake, na sauti ile akaipeleka soko nzima. Sikusikia yote. Nilisikia tu "surua" na bamama banacheka.

Vendredi niliona bamama na batoto bao mbele ya centre, benye uniforme, benye bitenge, wa masomo yetu na wa masomo ingine. Si bote. Nilikuwa ninaangalia uso, nikitafuta batoto ninajua mu avenue, na bengi habakuwako. Infirmière alikuwa pale, bila blouse yake ya kazi. Alikuwa amekunja blouse mu mufuko, juu préfet alimukataza kuonekana kule mu jina ya masomo, kwa hiyo alikuya kama mama tu, na kama mama alikuwa anapanga mustari, anafuta machozi ya bale badogo, anagombeza mwenye alikuya bila kula.

Shangazi alimushika mujukuu wangu ku mukono kama polisi. Ngambo ya barabara, karibu na mufereji, buko yangu alisimama. Alikuya. Hakuvuka. Miye nikasimama upande yangu, mugongo kwake, ili mutoto wetu apite.

Njo pale niliona muke wa préfet. Alishuka ku pikipiki, na binti yao, uniforme ya kupigwa pasi, na akamusalimia infirmière na busu tatu.

"Bwana yangu alisema tukuye mapema, mbele bantu bajae," akasema.

Hivi. Na sauti ya kila siku, kama anaomba chumvi.

Infirmière alimuangalia kidogo. Kisha akamuonyesha binti yake mahali ya kukaa, akamuuliza kama alikula. Mutoto haina kosa, ninajua. Lakini miye damu ilipanda mpaka mu masikio. Nilitaka kusema pale, mbele ya ule mustari yote, maneno yenye bwana yake alishindwa kusema mu bureau. Nilikuwa nayo mu kinywa. Na nyuma yangu, ngambo ya barabara, buko yangu anasikia. Nikafunga meno.

Mujukuu wangu akatoka anashikilia pamba ku mukono.

"Bwana," akasema, "ulikuwa unatetemeka inje kule. Ni weye ulichomwa?"

"Ni hasira, muke wangu."

"Basi nenda ukule, itapita." Na akaenda na shangazi yake kuuzisha samaki, mukono moja inafanya kazi, ingine inapumuzika, anajivuna nayo.

Équipe ilifunga masanduku yao ile mangaribi, bakaenda mu commune ingine.

Samedi nilikuwa ninakata vyuma wakati fundi ya pneu alikuya ku atelier. Alisimama pale ku mulango, mikono myeusi na graisse, ile mafuta ya magari. Nikazima mashine.

"Ni kweli ilikuwa ku centre?"

"Ilikuwa. Mpaka jana."

"Miye nilikuwa ninajua imeisha. Mutoto alisema, nikamuambia: mukubwa wa masomo amesema imeisha, usinisumbue." Akapangusa mikono ku suruali, haikusafika. "Wangu na wako ni darasa moja. Myaka moja. Miye sikukatala, Muzee. Nilitoka juu ya mama wa bibi yangu, weye ulimuona, alikuwa nyuma yangu hivi."

"Nilimuona."

"Nani alimuambia préfet nilikatala?"

Nilitaka kumugombeza, kumuambia kama alikuwa na masikio angesikia soko. Nilishafungua kinywa. Lakini alikuwa ananiangalia kama muntu anangojea aambiwe saa ngapi bus inapita.

"Sasa batarudi lini?" akauliza.

"Sijui."

"Lakini binti yangu anaingia kumi na tano."

"Ninajua."

"Basi nani anajua?"

Samedi masomo inafanyaka mpaka saa sita, na jua ilikuwa bado chini. Nikatosha tablier ya kazi, nikafunga atelier na kufuli. Akaniuliza tunaenda wapi, nikamuambia anifuate, na kule, kama préfet atasema bazazi balikatala, amunyooshee ile mikono yenye graisse, amuambie mbele ya sekretere na mbele ya kila muntu: miye njo muzazi, niko hapa, niulize.